Kesho tunapogoa visiki

Habari za asubuhi ndugu zangu wa Chunya. Sehemu tuliyozuia mifugo imeanza kuitika: visiki vya miyombo vimetoa machipukizi yanayofika kiunoni! Kesho saa moja tukutane huko na mapanga makali na vitambaa vya kuwekea alama. Kila kisiki tubakize machipukizi mawili matatu yaliyonyooka, mengine tuyapogoe. Majani tuwapelekee mbuzi.

Hela ya kaboni, yaani malipo ya hewa ya ukaa ambayo miti yetu inafyonza: krediti moja, yaani kipimo kinachouzwa, ni tani moja ya hewa hiyo, na hulipwa baada ya kupimwa na kuhakikiwa, siyo kwa kuhesabu miti. Ni kazi ya miaka, jamani. Mtu asisaini mkataba wa dalali. Kanuni za biashara ya kaboni za 2022 zinataka mradi upitie kituo cha taifa cha kaboni, kilichoko Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro.

Na moto, nawaomba sana, asiwashe mtu.