Jumamosi tunachora ufukweni

Habari zenu jamani. Jumamosi tukutane maji yakianza kupwa. Kutoka kujaa hadi kupwa ni kama saa 6, na mchanga uliolowa ndio unaoshika mstari vizuri. Duara kubwa tutalichora kwa kamba na kijiti, kisha kila mtu ajaze kipande chake kwa mawe, vijiti, majani makavu, na mwani uliotupwa na mawimbi, si wa kung'oa. Makome yaacheni tafadhali, kuna kaa wanaoishi humo. Gundi na rangi hapana kabisa! Watoto waje, wana subira kutuzidi. Picha pigeni mapema, kabla maji hayajarudi. Nani ana kamba ndefu ya katani?