Mitwangio ya Lupa isiuzwe kwa kilo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji. Jambo ninaloandika, kuuzwa kama chuma chakavu kwa mitambo ya kale ya machimbo ya dhahabu ya Lupa, huko Chunya, limeninyima usingizi tangu Agosti.

Mwezi huo nilikwenda Chunya kwenye msiba wa ndugu yangu. Tulipokwisha kuanua tanga nikamwomba kijana wa bodaboda anipeleke porini, kwenye kinu ambacho mara ya mwisho nilikiona miaka ishirini iliyopita. Nikisema kinu simaanishi cha kutwangia mahindi, ingawa kazi ni ileile. Ni mtambo wa wakati wa mkoloni wenye mitwangio mitano ya chuma iliyosimama wima kwenye fremu ya magogo. Mhimili ukizunguka, vidole vyake vinainua mtwangio mmoja baada ya mwingine na kuuachia, nao unaangukia mawe yaliyomo ndani ya sanduku la chuma pamoja na maji. Tope linalotoka hupita kwenye chujio, linateremka juu ya bamba la shaba lililopakwa zebaki, na zebaki inaikamata dhahabu. Akili nzuri sana ya ufundi, na kila ukiitazama unaelewa jinsi inavyofanya kazi bila kuelezwa na mtu.

Nilikuta mitwangio miwili. Mitatu ilikuwa imekatwa kwa gesi, na mhimili wote umeondoka. Pale moto ulipopita chuma kilikuwa bado hakijashika kutu. Yule kijana akaniambia, "Mzee, hawa wa skrepa walikuja na gari Jumamosi. Walipima kwa kilo." Nikakaa chini kwenye msingi wa zege, nikashindwa kuongea.

Mimi ni fundi mitambo mstaafu. Nimefunga na kufungua mashine kwa miaka thelathini na minne, chuma chakavu nakijua bei, na riziki ya kijana anayekikusanya siidharau. Lakini kile kinu nakijua kwa njia nyingine pia, na hiyo ndiyo inayonifanya niandike.

Marehemu baba yangu alitoka Rungwe kwa miguu kwenda Lupa mwaka 1936. Dhahabu ya Lupa ilikuwa imeanza kuchimbwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, na kufikia wakati huo vijana wa Kinyakyusa walikuwa wanakwenda kwa makundi. Waliofuata utajiri hawakuwa wengi. Wengi walifuata vitu viwili: fedha ya kodi ya Serikali, na ng'ombe za mahari. Ng'ombe zilikuwa mikononi mwa wazee, na wazee wenyewe walikuwa bado wanaoa. Kijana asiye na ng'ombe aliweza kumtazama mchumba wake akichukuliwa na mtu wa rika la baba yake, na hana la kusema. Lupa ilikuwa mlango wa kutokea.

Baba alimwahidi mama kwamba atarudi mavuno mawili yakipita. Yakapita mawili, likaingia la tatu. Habari zilizokuja na waliorudi zilikuwa zinagongana: mmoja anasema yupo, mwingine anasema shimo limemfukia. Na nyumbani kwao mama tayari mzee mmoja alikuwa ameshaanza kuleta ng'ombe.

Mama alikuwa msichana wa miaka ishirini hivi. Aliungana na wanawake waliokuwa wakipeleka unga na maharage kuwauzia vibarua, akajitwika mzigo kama wenzake, bila kumwambia mtu kwao. Walipanda ile milima ya juu ya Mbeya kwa baridi, wakateremka upande wa pili kwenye miombo ambako hakuna maji kwa mwendo mrefu. Usiku wa mwisho mama aliumwa tumbo, akabaki nyuma, akapotezana na wenzake. Giza, pori, na simba walikuwapo. Alichofanya, alituambia mara nyingi sana tukiwa watoto, ni kukaa kimya na kusikiliza. Kwa mbali akasikia kitu kinatwanga. Alifikiri ni wanawake wanatwanga usiku, akashangaa ni kijiji gani kina wanawake wasiolala. Akaifuata ile sauti mpaka kulipokucha, ikamfikisha kwenye mtambo. Baba alikuwa zamu hiyohiyo, anajaza mawe, na mkono wake wa kushoto umefungwa kitambaa kwa sababu vidole viwili vilikuwa vimeshabaki ndani ya kinu miezi kadhaa kabla. Ndiyo maana hakurudi. Aliona haya kurudi na mkono ule, na ujira wake wote ulikuwa umeishia kwenye ugonjwa.

Hawakurudi Rungwe mwaka huo wala uliofuata. Mama alipika na kuuza chakula kwa vibarua, na ng'ombe wa kwanza wa mahari yake alinunuliwa kwa fedha aliyoipata yeye mwenyewe jikoni. Hilo baba hakulificha kwa mtu. Mimi ni kitinda mimba wao. Nilimjua baba akiwa tayari ana kifua, yale mapafu yaliyojaa vumbi la mawe ambayo madaktari wanayaita silikosi, na alifariki mwaka 1968 nikiwa na miaka kumi na miwili. Hakuna aliyemlipa chochote, si kwa vidole wala kwa kifua.

Sasa Mhariri, mtu akipima chuma kile kwa kilo anapima nini?

Najua swali la kwanza la viongozi wetu litakuwa sheria, kwa hiyo niliitafuta nikaisoma. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja vifaa vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863 na majengo ya kabla ya 1886. Mlango wa mbao wa nakshi uliochongwa kabla ya 1940 nao umetajwa. Mtambo wa dhahabu wa miaka ya 1930 haumo. Lakini sheria hiyohiyo inampa Waziri uwezo wa kutangaza kwenye Gazeti la Serikali kwamba mahali fulani pana umuhimu wa kihistoria, na papo hapo panapata ulinzi. Kwa hiyo hatuhitaji kusubiri Bunge. Inahitajika barua kutoka halmashauri za Chunya na Songwe, yenye orodha ya vilivyobaki na picha zake. Mgodi wa Saza, uliofanya kazi kuanzia 1939 hadi 1956, uwe wa kwanza kwenye orodha hiyo. Wakati orodha inaandaliwa, serikali za vijiji ziwazuie wenye mitungi ya gesi. Hilo linawezekana wiki hii.

Nina hofu nyingine, nayo ni ya ukarabati wenyewe. Nimewahi kuona, mahali nisipopataja, mashine ya zamani iliyosuguliwa kwa grainda mpaka ikang'aa na kupakwa rangi ya mafuta nyekundu na kijani. Alama za nyundo za mafundi wa kwanza, namba za kiwandani, sehemu zilizolika kwa mikono ya watu, vyote vimekwenda na vumbi la grainda. Miaka michache baadaye kutu ilianza kuchomoza chini ya rangi, kwa sababu maji yalikuwa yamefungiwa ndani.

Fundi anayejua kazi haanzi na rangi. Anaanza na kalamu na kamera: kila kipande kinapigwa picha kilipo na kupewa namba kabla nati moja haijafunguliwa. Miti iliyoota katikati inakatwa, haing'olewi, maana mizizi ikivutwa inapasua msingi. Kutu iliyolegea inatolewa kwa brashi ya mkono, taratibu. Kutu iliyoshikamana inaachwa, chuma kinakaushwa vizuri na kupakwa nta au mafuta, kazi inayorudiwa kila mwaka. Juu yake liwepo paa la bati lililo wazi pande zote ili upepo upite. Magogo ya fremu yaliyoliwa na mchwa yabadilishwe kwa mbao mpya, na kila mbao mpya ipigwe chapa ya moto ya mwaka wake, asije mjukuu wetu akadanganywa kwamba ni ya mwaka 1936. Bodie, mji wa dhahabu uliohamwa kule California, umekuwa hifadhi ya jimbo tangu 1962, na kanuni yao ni kuzuia nyumba zisiendelee kuoza bila kuzifanya mpya. Pilgrim's Rest ya Afrika Kusini, ambako dhahabu ilipatikana 1873, nayo imetunzwa kama mji mzima wa kihistoria, na watu wanakwenda kuutazama.

Na tafadhali, kabla ya mwanafunzi yeyote kupelekwa pale, udongo upimwe zebaki. Zebaki haiozi. Iliyomwagika chini ya lile bamba la shaba wakati wa baba yangu bado imo ardhini.

Nimalizie na maigizo ya enzi hizo za dhahabu, kwa sababu najua yatakuja, na mimi nayataka. Nilihudhuria sherehe moja ambapo vijana waliigiza enzi za dhahabu. Walijitahidi sana, na binti mmoja alilia machozi ya kweli. Lakini mapenzi yote yalikuwa ya mzungu mwenye kofia pana na mchumba wake aliyemwacha Ulaya, na shida yote ilikuwa ya huyo mzungu kutopata dhahabu. Vibarua walipita nyuma na makarai vichwani, kimya, mpaka mwisho. Nilitoka nimeumia. Sidai kwamba wageni wale hawakupenda wala hawakuteseka, wapo waliozikwa hukohuko kwenye miombo. Ninachotaka ni mama yangu naye asimame jukwaani na mzigo wake wa maharage, na ile sauti ya kutwanga isikike gizani.

Ili hilo litokee lazima habari zikusanywe sasa. Waliofanya kazi Lupa miaka ya 1930 wamekwisha. Waliobaki ni watoto wao, watu wa umri wangu na zaidi, na kila msiba unaondoka na kitu. Walimu wa historia wa sekondari za Chunya, Mbarali, Rungwe na Kyela wanaweza kuwatuma wanafunzi kwa wazee na simu tu, warekodi kwa lugha anayoitaka mzee mwenyewe, waandike tarehe na jina la kijiji. Mkanda wa namna hiyo ukae pamoja na mtambo. Ukimweka mgeni mbele ya kinu bila sauti ya mtu, ataona chuma tu.

Siku ile porini, kwenye nyasi, nilikuta kichwa kimoja cha mtwangio ambacho wakataji walikisahau. Kimelika upande mmoja kwa kupiga mawe. Mimi na yule kijana tulikiinua kwa shida, tukakifunga kwenye pikipiki, na sasa kipo uani kwangu hapa Mbeya, juu ya tofali, nimekipaka nta. Si changu. Halmashauri ikitenga chumba, hata kiwe kimoja, nitakileta kwa nauli yangu, na nitakuja na brashi zangu kufanya kazi bila malipo kwenye ile mitwangio miwili iliyobaki.

Fundi mitambo mstaafu,
Mbeya