Barua kwa dada yangu mwenye saluni

Dada, shikamoo.

Juzi kwenye simu ulisema unaona aibu mwanao akiulizwa shuleni mama anafanya kazi gani, anajibu "msusi". Vocha ikakata kabla sijasema kitu, sasa leo nakujibu hapahapa, wengine wasome tu.

Kuna mwandishi Mjerumani anaitwa Erich Kästner, kazaliwa Dresden 1899. Baba fundi wa ngozi, kipato cha kuungaunga, basi mama yake, Ida, akajifunza kutengeneza nywele akiwa mtu mzima na mtoto tayari anaye, wateja anawahudumia chumbani kwake anakolala, wengine anawafuata makwao, na chumba kingine wakapangisha walimu. Yote hiyo kijana asome. Na alisoma kweli, mpaka udaktari wa falsafa, 1925.

Sasa 1929 anatoa kitabu chake cha kwanza cha watoto, Emil und die Detektive, yaani Emil na wapelelezi. Mama yake Emil anafanya kazi gani? Nywele! Anampa mwanae marka 140, hela ya Ujerumani ya enzi hizo, aende nazo Berlin, nyingi ni za bibi, dogo anazibana na pini ndani ya koti, anapitiwa na usingizi kwenye treni, kuamka hamna kitu. Mwizi anakuja kuumbuka benki kwa sababu noti zina vitundu vya pini. Hapo nilicheka peke yangu, maana we ndo ulikuwa unanibania nauli na pini mfukoni nikienda Morogoro, umesahau?

Baadaye mambo yalimchachia Kästner. Tarehe 10 Mei 1933 Wanazi, watu wa Hitler, walichoma vitabu vyake Berlin na yeye mwenyewe kasimama palepale kwenye umati anaangalia. Waandishi kibao walikimbia nchi, yeye akabaki.

Ila dada nisikufiche, kuna sehemu iliniuma. Yule mama yake Kästner alikuwa akizidiwa anaacha kikaratasi mezani anaondoka, na mtoto anatoka mbio kumtafuta kwenye madaraja ya mto Elbe akiogopa asije akajirusha. Kayaandika mwenyewe 1957, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, bado anayakumbuka. Kwa hiyo ukichoka nipigie mimi, hata usiku wa manane, usimwambie mtoto "najiua kwa ajili yako" kama siku ile.

Hela ya drayer natuma Ijumaa.