Vituo vya data Ireland vilipe deni la joto

Mhariri,

Naomba nafasi gazetini nizungumzie umeme unaomezwa na vituo vya data Ulaya, hasa Ireland, yaani majengo yaliyojaa kompyuta zinazohifadhi na kuchakata taarifa za mtandaoni. Takwimu rasmi za nchi hiyo zinaonyesha kuwa mwaka 2015 vituo hivyo vilitumia asilimia 5 ya umeme wote uliopita kwenye mita. Mwaka 2023 vilifika asilimia 21, vikazipita nyumba zote za mijini zilizotumia asilimia 18.

Kampuni zenye vituo hujitetea kwamba zinanunua umeme wa upepo. Ni kweli, lakini upepo ukitulia, kompyuta hizo hazizimwi. Mitambo ya gesi ndiyo inayoziba pengo, na moshi wake ni wa wote.

Kinachoniuma zaidi ni joto linalopotea. Karibu umeme wote unaoingia kwenye kompyuta hizo hugeuka joto, na mara nyingi hupulizwa nje tu, katika nchi ambayo watu hulipa pesa nyingi kupasha nyumba moto. Pale Tallaght, pembeni mwa Dublin, joto la kituo kimoja cha Amazon hukusanywa, likaongezwa nguvu kwa pampu, kisha maji ya moto yakapita kwenye mabomba hadi majengo ya halmashauri na chuo kikuu. Kwa hiyo inawezekana!

Ujerumani ilitunga sheria mwaka 2023 inayotaka vituo vikubwa vipya vitumie tena sehemu ya joto lao. Bunge la Ireland nalo lifanye hivyo, kabla kibali kingine cha kujenga kituo hakijatolewa.

Msomaji wenu,
Dublin