Mkataba wa binti mcheza soka usomwe nyumbani kabla hajapanda basi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo kuhusu mabinti wa Mtwara na Lindi wanaoondoka nyumbani kwenda kutafuta maisha kwenye soka, na hasa kuhusu ile karatasi ya kwanza wanayowekewa mezani ili watie saini kabla hata hawajapumzika safari.

Soka la wanawake nchini limefika mahali ambapo sisi wa zamani hatukupatarajia. Aisha Masaka alitoka Yanga Princess mwaka 2022 akaenda BK Häcken ya Sweden, na mwaka 2024 akasajiliwa na Brighton ya Uingereza. Clara Luvanga amejijengea jina akiwa Al Nassr ya Saudi Arabia, Opa Clement alitoka Simba Queens akaenda kucheza Uturuki, ambako aliichezea Beşiktaş, na beki Julietha Singano akapata timu Mexico, katika klabu ya FC Juárez. Mwaka 2022 Serengeti Girls, timu yetu ya taifa ya wasichana chini ya miaka 17, waliifunga Ufaransa 2-1 na kufika robo fainali ya Kombe la Dunia la umri huo kule India, na Julai 2025 Twiga Stars, timu ya taifa ya wanawake, walitoka sare ya 1-1 na Afrika Kusini, waliokuwa mabingwa watetezi, katika fainali za Afrika nchini Morocco. Mzazi wa Newala au Nachingwea ambaye zamani angemchapa binti yake kwa kurudi na magoti yaliyochubuka, leo ndiye anayemfuata mwalimu kuuliza majaribio ni lini.

Ni kwa sababu hiyo hiyo nina wasiwasi. Nilifundisha sekondari kwa miaka mingi wilayani Masasi na kusimamia timu ya wasichana. Mmoja wao, winga wa kushoto mwenye mbio ambazo mabeki wa wilaya nzima walizijua, aliitwa na klabu moja mjini alipofikisha miaka 19. Bibi yake aliyemlea alikuwa amesubiri amalize kidato cha nne na awe ameshatoka unyagoni ndipo akatoa ruhusa, akaniomba nimsindikize. Tulipofika tulipewa kurasa mbili za Kiingereza, na kiongozi aliyetupokea alitusomea mstari wa mshahara tu, kisha akaweka kidole pale pa kutia saini. Nilikuwa nimekaa kando ya binti yule, mimi mwalimu, na sikuomba hata robo saa ya kusoma. Jambo hilo linaniumiza mpaka leo.

Mwezi wa kwanza alilipwa. Wa pili akapewa nusu, na baada ya hapo ikawa posho ya mechi peke yake, tena kwa siku walizoshinda. Kisha goti la kulia likageuka mazoezini, akafungwa bandeji, akapewa nauli ya kurudi kwao. Nilimpokea stendi ya Masasi usiku. Alishuka ngazi za basi kwa kukaa, ngazi moja baada ya nyingine, huku kondakta akimshikia kiroba chenye viatu vyake vya mpira, cheti cha kidato cha nne na nakala ya mkataba. Usiku ule ndipo nilipousoma mkataba wenyewe, kamusi ikiwa pembeni. Neno matibabu halikuwemo popote. Klabu ilijipa haki ya kumwacha akiumia zaidi ya siku 30, ilhali yeye alifungwa kwa miaka mitatu.

Laiti tungezijua kanuni, tungejua pia pa kushika. Kanuni za FIFA zinasema mchezaji asipolipwa mishahara ya miezi miwili anaweza kuidai klabu kwa maandishi, akaipa siku 15, na isipolipa akauvunja mkataba huku haki ikiwa upande wake. Tangu 2021 zinampa pia mchezaji mwenye mkataba likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14, kwa malipo yasiyopungua theluthi mbili ya mshahara, jambo ambalo sijawahi kumsikia kiongozi yeyote wa timu akimweleza binti wa huku kwetu. Zinazuia pia, isipokuwa kwa hali chache maalumu, uhamisho wa kwenda nchi nyingine kabla ya mchezaji kutimiza miaka 18. Wakala anayemwahidi mtoto wa kidato cha pili safari ya Ulaya anapaswa kuulizwa maswali mazito.

Ziko pia haki za timu zetu za mchangani. Mchezaji anapouzwa nchi ya nje kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada hugawanywa kwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Kwa kuwa ile fidia nyingine ya mafunzo haihusu soka la wanawake, fungu hili ndilo pekee ambalo timu ya Ruangwa au Tandahimba inaweza kulitegemea kwa miaka iliyomlea binti, tena kwa sharti kwamba alisajiliwa rasmi. Mabinti wetu wengi wanacheza miaka yote hiyo majina yao yakiwa kwenye daftari la kocha tu, na daftari likilowa mvua au kocha akihamishwa kikazi, ushahidi wote umekwenda.

Ombi langu kwa vyama vya soka vya mikoa yetu miwili, kwa kushirikiana na maofisa michezo wa halmashauri, ni kwamba binti yeyote anayeitwa na klabu mkataba wake utangulie kufika kwake. Usomwe kwa Kiswahili mbele ya mzazi au mlezi, na mtu anayejua sheria, na nakala ibaki chamani. Mawakili wapo Mtwara mjini na Lindi mjini, na siamini kwamba wangekataa kuombwa saa moja kwa ajili ya kazi hii. Usajili nao uanzie kwenye UMITASHUMTA na UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za msingi na sekondari ambayo Mtwara iliyaandaa kitaifa mwaka 2021, kwa kuwa pale watoto wote tayari wana majina, picha na tarehe za kuzaliwa. Wapo watakaosema klabu zitawakimbia mabinti wetu zikiona masharti. Lakini klabu iliyo tayari kumlipa mchezaji haipotezi chochote kwa kutuma picha za kurasa mbili kwa simu siku tatu kabla ya safari.

Yule winga sasa anabangua korosho kiwandani, na goti humvimba akisimama muda mrefu. Mdogo wake ana miaka 15 na ameitwa kwenye majaribio mwezi ujao. Bibi yao amekuja tena kuniomba nisindikize. Nimemkubalia, na nimewaandikia wahusika kwamba hatutaondoka hadi karatasi iwe imefika Masasi.

Mwalimu mstaafu,
Masasi, Mtwara