Barua ya wazi kwa vijana wa timu ya chuo: mamluki msiwaite

Wanangu,

Marahaba. Naanza kwa kuwaitikia, maana kila jioni mkipita mbele ya nyumba yangu na njumu begani mnaniamkia wote, hata wale waliochelewa na wanakimbia. Nami huwafuata taratibu na mkongojo wangu mpaka chini ya ule mwembe wa nyuma ya goli. Mechi zenu zote za nyumbani msimu huu nimezitazamia pale, kwa hiyo ninayoyasema sikuhadithiwa.

Mmeshinda mechi moja, mmetoka sare mbili, nyingine zote mmefungwa. Sitawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa: matokeo ni mabaya. Ila kilichonikalisha chini niandike si matokeo. Ni maneno niliyoyasikia siku ya mechi ya mwisho, watu wakitawanyika: "Mwakani tutafute majembe mtaani, vitambulisho vitapatikana." Na baadhi yenu mliokuwa mnavua soksi pale pembeni mkaitikia, "Kweli kabisa."

Msikubali. Nawaomba kama baba yenu.

Mimi nilikuwa nahodha wa timu ya chuo miaka ya themanini, na mamluki, yaani wachezaji wa nje wanaochezeshwa kwa majina ya wanachuo, niliwapokea mwenyewe. Tulikuwa tumefika fainali. Asubuhi ya mechi wakaletwa wachezaji wawili wa timu ya mjini, wakapewa majina ya wenzetu waliokuwa mafunzo kwa vitendo. Winga wetu wa kushoto, kijana aliyefanya mazoezi nasi mwaka mzima, mimi ndiye niliyemwambia avue jezi. Hakubishana. Aliikunja ile namba 11 mkono mmoja, kisha mkono wa pili, akaipangusa vumbi kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima, akaiweka kwenye benchi na kuondoka kwa kupitia nyuma ya vyoo. Kombe tulilichukua. Yeye hakurudi tena mazoezini. Mwaka uliofuata, sisi wa mwaka wa mwisho tulipokwisha kuondoka, upande wa kushoto haukuwa na mtu, na timu ikatolewa mapema mno. Mpaka leo nikiona jezi iliyokunjwa vizuri namkumbuka yule kijana, na naumia.

Timu ya chuo haifanani na timu ya ligi. Kozi ikiwa ya miaka mitatu, kila mwaka kundi zima la wachezaji linavaa joho na kwenda zake, mpende msipende, na hakuna dirisha dogo la kusajili. Wa kuziba pengo ni yule wa mwaka wa kwanza ambaye leo anawabebea maji. Mamluki atacheza dakika zake 90, atapewa nauli na hela ya soda, ataondoka na ujuzi wake wote. Mkimweka yeye, yule mbeba maji atabaki mbeba maji mpaka amalize chuo. Habari za rufaa na kunyang'anywa pointi sizigusi, hizo mnazijua.

Nilikuwa kijana mdogo mwaka 1979, Peter Tino aliposawazisha kule Ndola Tanzania tukatoka 1-1 na Zambia na kukata tiketi ya fainali za Afrika kule Lagos. Redio ilikuwa moja, tumeizunguka mtaa mzima. Huko Lagos mwaka 1980 Nigeria walitufunga 3-1, Misri wakatufunga 2-1, na Ivory Coast tukatoka nao 1-1. Pointi moja tu, tukarudi nyumbani. Ilituchukua mpaka mwaka 2019 kucheza tena fainali za Afrika, miaka 39. Lakini waulizeni wazee wa rika langu: kikosi kile cha pointi moja tunakitaja jina kwa jina, kwa sababu walikuwa wetu. Nahodha wao, Leodegar Tenga, alikuwa beki aliyesomea uhandisi Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na baadaye akaja kuongoza TFF, shirikisho la mpira nchini. Yule kati yenu aliyeniambia kwamba mpira na shule haviendi pamoja, nimemwandikia sentensi hiyo.

Sasa cha kurekebisha. Mabao mengi mliyofungwa yaliingia dakika ishirini za mwisho. Mpira mnaujua, pumzi ndiyo hamna. Mazoezi mlianza wiki mbili kabla ya mashindano. Yaanzeni wiki ya kwanza ya muhula, hata mara tatu kwa wiki, na sapu zenu, ile mitihani ya kurudia, mzimalize mapema zisije zikawatoa kikosini. Najua bumu, ile hela ya mkopo, likiisha mtu anashinda na chai na andazi moja. Changishaneni, mpike sufuria moja ya maharage siku za mazoezi, mle pamoja. Mlezi wa timu nitaongea naye mimi.

Na kipa wenu. Mechi ya mwisho, bao la tatu lilipoingia, mlimpa mgongo wote. Alikwenda mwenyewe kuutoa mpira wavuni, ukawa umenasa, akahangaika nao peke yake huku mashabiki wakimzomea. Mimi nilikuwa hatua chache nyuma yake. Alikuwa anawaomba msamaha kwa sauti ya chini, na hakuna aliyemsikia. Mfuateni bwenini kabla hajaamua kuacha. Nendeni wengi.

Yule mfupi wa mwaka wa kwanza aliyeingia dakika kumi za mwisho upande wa kushoto, anatumia mguu wa kushoto kwelikweli na haogopi. Mwakani apewe nafasi tangu mechi ya kwanza, hata akikosea.

Nimenunua mipira miwili mipya, iko sebuleni kwangu. Mtume mtu aje aichukue Jumatatu kabla ya saa kumi, na aje na pampu, yangu imekufa.

Wenu,
Mzee wa chini ya mwembe