Dijitali haijafuta vipimo vya kamera za mkanda

Mhariri,

Wapiga filamu wengi hapa Bagamoyo siku hizi hukodi lenzi za sinema za PL (aina ya mlango wa kufungia lenzi kwenye kamera) na kuzifunga kwenye kamera ndogo za dijitali. Si kosa. Ila lenzi hizo zilizaliwa kwenye kamera za mkanda wa filamu, na kipimo chake hakikuguswa dijitali ilipoingia: toka uso wa chuma lenzi inapokaa hadi kwenye mkanda, au kihisi kinachonasa picha badala yake, ni milimita 52. Ndiyo maana lenzi ya zamani huingia kwenye kamera ya dijitali ya Alexa ya Arri, iliyotoka 2010, bila adapta.

Kamera za Sony za mlango wa E zina milimita 18, hivyo adapta lazima iwe na 34. Hapo ndipo adapta za bei poa zinapoumbuka. Ikizidi hata kidogo, jahazi lililo mbali baharini halikai kwenye fokasi hata pete ya kufokasi ikigota. Ikipungua, linakaa kabla pete haijafika mwisho, na namba zote za umbali kwenye lenzi zinakuwa uongo. Lenzi pana ndiyo inayofichua kasoro hii. Ya milimita 85, inayovuta vitu karibu, huificha.

Jipimieni kabla ya kulipia lenzi na adapta mnazokodi. Tundu la lenzi liwe wazi kabisa. Vuta tepu mita 2 hadi kwenye gazeti lililobandikwa ukutani, ukianzia kwenye alama ya duara lenye mstari ubavuni mwa kamera, si kwenye kioo cha mbele. Weka fokasi kwenye gazeti, kisha soma pete: iseme mita 2. Kwanza, lakini, futa uso wa chuma: chembe moja ya mchanga wa ufukweni ikibanwa pale, lenzi inalala upande, na nusu ya picha inakuwa na ukungu.

Jingine ni shata, muda ambao kila fremu hupata mwanga, nayo ni urithi wa kisahani kilichokuwa kikizunguka mbele ya mkanda. Umeme wetu ni wa hezi 50, taa hupepesa mara 100 kwa sekunde. Fremu 24 kwa sekunde, kwa pembe ya nyuzi 180 (uwazi wa kisahani hicho), ni sekunde 1/48, haiendani nao. Weka 172.8 upate 1/50, au piga fremu 25 uiache 180. Mistari ya kupepesa haionekani kwenye skrini ndogo. Huonekana mkishafika kwenye TV kubwa, seti imeshavunjwa.

Msomaji,
Bagamoyo